Bi Kivuli na Taa za Wodi ya Wazazi

Marehemu dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Kivuli, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya wanne, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na ghala la mbao. Baba alikuwa karani wa ghala hilo, mama alikuwa mshonaji. Chumba cha watoto kilikuwa na dirisha moja, na mdogo wake wa mwisho, ndiye anayewasomea haya, anakumbuka kwamba nafasi ya karibu na dirisha ilikuwa ya dada na haikugombewa. Ukijaribu, ulikula kiwiko.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968. Akiwa darasa la sita, mama alimtuma akanunue uzi wa kushonea sweta la buluu la mteja. Dukani uzi ulilingana na sweta kabisa. Alipotoka nje, uzi ukawa wa zambarau. Akarudi ndani amevimba. "Mzee, umenibadilishia!" Mwenye duka akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, uzi ni ule ule. Taa yangu ndiyo mbaya." Mtoto mwingine angechagua uzi mwingine akaenda zake. Yeye alishinda pale mlangoni, akiingia na kutoka na uzi mkononi, mpaka mama akamfuata na kandambili.

Baada ya sekondari alisomea umeme katika chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 1983, kisha akaongeza miaka mitatu ya sayansi ya mwanga na namna jicho linavyoona. Likizo alitusumbua kwa maswali: kwa nini ukitoka juani ukaingia ukumbini huoni hata kiti mpaka jicho lizoee, na kwa nini nyama ya buchani ni nyekundu kuliko ukishaifikisha nyumbani. Baba alimuuliza, "Yaani miaka mitatu yote unajifunza kuwasha taa?" Akajibu, "Kuwasha nilishajua, baba. Najifunza mtu anaona nini zikishawaka." Baba akamwongezea nauli ya kurudi chuoni, na kwa wanaomkumbuka baba, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Mwaka 1986 aliajiriwa na kampuni ya wasanifu majengo kama mbunifu wa taa. Kila alipoingia chumbani, hata kwenye msiba wa watu, alinyoosha mkono juu ya meza atazame kivuli chake kinaangukaje, na jina likamganda hapo. Alipanga taa za viwanda vya nguo, za maktaba, za ngazi ya zahanati ambako wazee walikuwa wakijikwaa kwa kutoona ukingo wa kidato.

Mume wake, fundi saa, alimwita aje kutazama taa ya meza yake ya kazi kwa sababu kichwa kilikuwa kinamuuma. Bi Kivuli aliihamisha kutoka mbele kwenda kushoto, kazi ya dakika tano. "Na kikiendelea kuuma?" fundi akauliza. "Utaniita." Kichwa kikaendelea kuuma wiki tatu mfululizo, taa ikahamishwa mara nne na kurudishwa palepale. Walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1988, na shemeji hajaugua kichwa tangu siku hiyo. Walijaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume.

Sasa tuseme lile ambalo wengi hapa, ukiacha wanafunzi wake, hawakulijua, maana yeye mwenyewe alituagiza lisomwe. Mei 2003 alipewa kazi ya wodi ya wazazi. Kina mama walilalamika kwamba taa nyeupe zinawaumiza macho, akaweka taa za umanjano, laini, za kumtuliza mtu. Wakamshukuru sana. Aprili mwaka uliofuata, kwenye semina, daktari wa watoto alieleza kwamba mtoto mchanga akipata manjano, rangi ya ngozi na macho ndiyo inayomfichua, na chini ya taa ya umanjano rangi hiyo haionekani. Asipotibiwa mapema anaweza kuwa kiziwi, au ubongo ukaharibika. Bi Kivuli aliondoka na kuacha mkoba kitini. Alimwambia mumewe neno moja tu: "Nimewaficha." Kesho yake alipanda ngazi mwenyewe akabadilisha taa zote.

Lakini kuuliza hakuweza. Miezi kumi na moja, watoto mamia, na hakuthubutu kumuuliza mtu kama kuna aliyepitwa. Akikutana na mtoto kiziwi alimkadiria umri kwa macho, kisha siku hiyo hali chakula. Alifundisha vijana wengi kazi hii, na somo la kwanza lilikuwa kosa lake, lakini halikumwondolea mzigo. Jamani, miaka kumi na minane ni mingi.

Februari 2022 aligundulika na saratani ya kongosho. Kufikia Oktoba matibabu yalikuwa yamefika mwisho, na familia ikamtafuta mkunga mstaafu aje kumuuguza nyumbani. Siku ya kwanza mama huyo, bila hata salamu ndefu, alifungua pazia na kusukuma kitanda hadi dirishani ili amtazame macho kama yana manjano.

"Umejifunza wapi hiyo?" mgonjwa akauliza.

"Wodi ya wazazi, dada yangu. Kuna mwehu mmoja alituwekea taa za njano."

Bi Kivuli akasema, "Mwehu mwenyewe ndiye mimi." Kisha, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, "Na wale watoto?"

"Tuliwabeba dirishani, kila mmoja, kila asubuhi kabla ya chai. Tangu siku ya kwanza. Waliokuwa na manjano tuliwaona, wakatibiwa, wakaenda kwao. Hakupitwa hata mmoja."

"Mbona hamkuniambia?"

"Kwani uliuliza?"

Shemeji alishuku kwamba ni maneno ya kumbembeleza mgonjwa. Mkunga akakasirika, akampigia simu matroni wake wa zamani, bibi wa miaka themanini na moja, akaweka sauti ya juu tusikie wote, na kumuuliza watoto waliwabeba dirisha lipi. "Dirisha la tatu kulia," bibi akafoka. "La kwanza lina mti nje, linatia ukijani, mtoto humwoni vizuri!" Bi Kivuli akaanza kucheka, machozi yanamtiririka. "Anasema kweli. Ukijani wa majani huwezi kuubuni kama hukuuona." Siku ile aliomba chakula mwenyewe. Tulifurahi kana kwamba tuliopona ni sisi.

Alifariki tarehe 9 Novemba 2022, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake, bila maumivu, mumewe akiwa amemshika mkono. Tumelia, na tutalia tena, lakini hatuoni haya kusema kwamba tumepumua.

Ameacha mume, binti mpima ardhi, kijana mwoka mikate, mjukuu mmoja, kaka mmoja, wadogo wawili, na wanafunzi wasiohesabika. Ameacha pia wale waliozaliwa katika wodi ile, ambao majina yao hatuyajui. Leo wana miaka kumi na minane, kumi na tisa hivi, wanasikia na wanasema, na hawajui kuna mtu aliyewawazia kila siku ya maisha yao.

Apumzike kwa amani, kwa kuwa aliipata kabla hajaondoka.