Fainali Imehamishiwa Dar

Mzee Rehani wa kijiji cha Misima alikuwa safarini kwenda Nairobi, ambako bintiye Husna angecheza fainali kesho yake. Kwa miaka mingi alimkataza mpira. Hii ingekuwa mara yake ya kwanza kumwona uwanjani.

Basi likikaribia Korogwe, Loyce, abiria wa pembeni yake, aliinua macho kutoka kwenye simu.

“Mzee, fainali imehamishiwa Dar. Mpaka wa Kenya umefungwa kwa sababu ya korona.”

Mzee Rehani alimgeukia. “Haiwezekani. Husna angenipigia.”

“Kwani kijijini kwenu mtandao upo?”

Wiki nzima haukuwepo.

“Nisomee tena, mwanangu, polepole.”

Loyce akasoma. Habari ilikuwa ileile.

“Na wakiihamisha tena?” mzee alisema.

Basi liliposimama stendi, mzee alishuka, akauliza lilipo basi la Dar.