Spika za Kumsikia Jinju

Kijiwe chenyewe kilikuwa ubao mmoja uliolazwa juu ya maboksi mawili ya spika zilizokufa, ghorofa ya pili ya soko la vifaa vya umeme katikati ya Seoul. Ukiukalia ubao huo saa tisa alasiri, umekubali kubishana, hata kama ulikuja kununua fyuzi tu. Mwenye ubao aliitwa Besi. Miaka yote alifunga spika kwenye kumbi za harusi, na hadi leo huongea kama anayeshindana na bendi. Jirani yake wa duka la pili aliitwa Waya, mwembamba, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine utosini. Kahawa ilikuwa ya Mama Gwak, aliyepita na kigari chake cha chupa za maji ya moto, vikombe vya karatasi na pakiti za kahawa zenye sukari na maziwa yake humo humo. Hao watatu walikuwa na jibu la kila kitu duniani, na Alhamisi hiyo mzee Tak aliwaletea swali.

Mzee Tak alikuwa dereva wa basi mstaafu. Alikaa, akapokea kikombe, akatoa bahasha mfukoni na kuiweka pajani.

— Nataka spika za kutazamia filamu nyumbani, alisema. Nina laki tatu. Mke wangu amesema nikizidisha hata won mia, nisirudi.

— Laki tatu! Besi alijipiga kofi gotini. Kaka, leo umekuja kwa wenyewe! Filamu gani?

Mzee Tak aligeuza kikombe mkononi mara mbili kabla ya kujibu. Hakuwa mtu wa kumwaga mambo ya nyumbani kwake, lakini alikuwa amelibeba jambo hili siku nne na limemchosha.

— Ya binti yangu. Jinju anatengeneza sauti za filamu. Hatua za watu, milango, vitu kama hivyo. Jumamosi anakuja kula chakula cha jioni. Ana miaka mitatu hajaja.

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Walikuwa wanajua. Jinju alipoacha kazi ya benki, baba mtu alimwambia mbele ya mama yake: "Nimeendesha basi miaka thelathini na moja ili wewe ulipwe kwa kukanyaga changarawe?" Mzee Tak mwenyewe ndiye aliyewahadithia, siku hiyo hiyo, juu ya ubao huu huu, na wote wakamuunga mkono. Sasa waliangalia vikombe vyao.

— Mama yake alikwenda kuitazama sinema mara mbili, aliendelea. Mimi sikwenda. Sasa inapatikana kwenye televisheni. Nataka Jumamosi tuitazame wote watatu, na aone kwamba nimejiandaa kuisikiliza. Runinga yetu inatoa sauti kama mtu anayeongea ndani ya debe. Nikimwonyesha kazi yake kwa sauti ile, bora nisimwonyeshe kabisa.

— Sabufa, alisema Besi papo hapo.

— Hata hujafikiri!

— Nifikirie nini, Waya? Filamu ni mdundo. Mtu anatazama kwa macho, lakini anaamini kwa tumbo. Bila sabufa anayekufa kwenye filamu hafi sawasawa.

— Kaka, mimi nakaa ghorofa ya tisa, mzee Tak alisema. Wa chini yangu nikiangusha kijiko tu, anampigia mlinzi, na mlinzi ananipigia mimi.

— Hilo dogo! Besi alisimama, akaeleza kwa mikono. Sabufa unailaza chali, mdomo juu. Sauti inapanda. Wa chini hasikii kitu, anayelalamika ni wa juu, na wa juu unamjua?

— Simjui.

— Basi tatizo limekwisha!

Mama Gwak alicheka hadi maji ya moto yakamwagika kando ya kikombe. Besi aliingia dukani, akatoka akisukuma kwa goti dude jeusi lenye kimo cha friji ya kuwekea kimchi, ile kabichi ya kuchachushwa. Akachomeka kaseti yake. Kila spika iliyowahi kupita kwenye ubao huo ilipimwa kwa kaseti hiyo moja, wimbo mmoja wa mapenzi wa zamani, na Besi huangalia mkono wake tu. Vinyweleo vikisimama, spika nzima. Visiposimama, mbovu. Wimbo ulianza, ubao ukatetemeka chini yao, kahawa ikafanya mawimbi kwenye vikombe.

— Umeona? Besi alinyoosha mkono. Angalieni vinyweleo!

— Hiyo ni baridi, alisema Mama Gwak.

Mzee Tak aliusikia mdundo ukimpanda mgongoni. Alijiona Jumamosi, kochi linatikisika, Jinju anageuka kumtazama kwa mshangao. Ilikuwa picha tamu sana. Mkono ulikwenda kwenye bahasha wenyewe.

— Subiri, subiri! Waya alishusha miwani ya utosini, akaivaa juu ya ile nyingine. Mzee wangu, usiuziwe friji. Spika yoyote ni nzuri. Kinachoua sauti ni kinachoingia ndani yake. Laki mbili na nusu unaweka kwenye waya.

— Na hamsini inayobaki?

— Hamsini unanunua spika.

— Mtu huyu! Besi alipiga ukelele. Anataka usikilize nyaya!

— Cheka tu. Umeme wenyewe una sauti. Umeme wa nyuklia ni mkavu, unakata. Wa makaa ya mawe una moshi kidogo kwenye besi. Wa bwawa ndio mtamu, una unyevunyevu. Mimi nyumbani nyimbo za huzuni nasikiliza Jumapili tu, viwanda vimefungwa, umeme umepumzika.

— Jumamosi je? mzee Tak aliuliza, akiwa ameinama mbele kwa dhati kabisa.

— Jumamosi umeme umechoka. Ungeweza kusimamisha nguzo yako mwenyewe ya umeme.

— Ghorofa ya tisa?

— Nguzo ndefu.

Hapo hata wauza betri wa upande wa pili walikuja kusimama. Besi akaapa atampa sabufa mbili kwa bei ya moja, moja ya kuweka chini ya kochi, ili Jinju asikie kazi yake kwa makalio. Mama Gwak naye hakutaka kuachwa nyuma. Alisema siri ni mapazia, kwani shemeji yake alishona mapazia mazito na tangu hapo hata mume wake akikoroma inasikika kama redio ya taifa. Waya akasema mapazia lazima yafuliwe kwa maji baridi. Kila mtu alikuwa ameshika kitu, anaonyesha kitu, na mzee Tak, ambaye tangu Jumapili alikuwa na hofu, sasa alikuwa anacheka huku amekwishafungua bahasha. Alikuwa na noti sita mkononi, za elfu hamsini hamsini.

— Nipe hizo mbili, Besi. Liwalo na liwe!

— Samahani, kaka zangu.

Aliyesema alikuwa mama mmoja wa makamo, amesimama na jiko la wali la umeme lililofungwa kwenye kitambaa cha zambarau. Alikuwa anatafuta fundi, akanaswa na kelele kama wengine.

— Fundi wa majiko yuko kona ya mwisho, Besi alimwambia. Sasa hivi hapa tuna jambo kubwa.

— Nimelisikia. Nilitaka kuuliza tu. Sauti ya binti yake ni ipi?

— Ipi vipi?

— Kwenye filamu. Mnapima spika kwa wimbo, lakini yeye haimbi. Ile aliyoitengeneza yeye ni ipi, ili mpime kwa hiyo?

Besi alizima kaseti. Waya alipandisha miwani moja utosini, akaanza kuipangusa ile nyingine. Mama Gwak alimtazama mzee Tak, wauza betri wakamtazama mzee Tak, na mzee Tak akazitazama noti zake.

— Hatua za watu, alisema taratibu. Nadhani. Au... sijui.

Aibu ilimshika shingoni na kupanda hadi masikioni. Miaka mitatu alikuwa amekasirikia kazi ambayo hakuijua. Angemketisha mwanawe kwenye kochi linalotikisika, na sauti yake ingepita mbele yao bila baba mtu kuitambua.

— Itakuwa farasi, Besi alijaribu. Filamu zina farasi.

— Ni filamu ya mama anayesubiri basi, mzee Tak alisema. Mke wangu aliniambia. Haina farasi.

— Si umpigie? alisema yule mama wa jiko.

— Miaka mitatu tunaongea kupitia kwa mama yake.

— Basi leo mama yake apumzike, alisema Mama Gwak, akamwondolea kikombe mkononi ili ashike simu.

Mzee Tak huongea kwa simu akiwa amefungua spika yake, kwa kuwa sikio lake moja liliharibiwa na injini ya basi. Hivyo kijiwe kizima kilisikia ikiita, mara moja, mara mbili, mara nne.

— Baba? Mama ana nini?

— Mama yako mzima. Hakuna aliyekufa. Jinju, nina swali. Katika ile filamu, sauti yako ni ipi?

Besi alijiziba mdomo kwa kiganja.

— Uko wapi, baba? Mbona kama kuna watu?

— Niko sokoni. Nanunua spika.

— Za nini?

— Za kukusikilizia.

Waya aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

— Ziko nyingi, Jinju alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Lakini ninayoipenda ni mvua. Ile ya mwisho, mama amekaa kituoni, basi haliji. Ile si mvua, baba. Ni mama yangu. Nilimrekodi jikoni akikaanga chapati za vitunguu, sufuria imejaa mafuta. Nilijaribu mvua ya kweli siku kumi na moja, haikusikika kama mvua.

— Alikaanga lini?

— Siku ile. Kulikuwa na mvua nje, na unajua siku za mvua mama lazima akaange chapati. Uliponisema, ukatoka. Mashine ilikuwa bado inarekodi.

Mzee Tak alikumbuka harufu ya vitunguu, na kwamba hakula. Alikumbuka na jambo jingine.

— Nilibamiza mlango.

— Ulibamiza kweli kweli. Umo kwenye filamu. Nilitaka kuukata nikashindwa, nikauvuta, nikaupunguza mwendo. Ndiyo radi ya filamu nzima. Watu wanauliza tuliipata mlima gani.

Kicheko kilimtoka Jinju, kidogo na chenye maji ndani yake. Baba mtu alitaka kusema neno la maana, akalikosa, akasema lililokuwa karibu.

— Jumamosi usichelewe. Mama yako atakaanga.

Alipokata simu, Besi aliruka kama aliyeketia moto.

— Radi! Mmesikia wenyewe, radi! Radi bila sabufa ni nini? Kaka, radi yako mwenyewe, ya mlango wako mwenyewe! Zote mbili nakupa kwa laki mbili na nusu, nakubebea hadi nyumbani!

Wauza betri walishangilia. Hata Waya, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, alitikisa kichwa kumkubalia Besi. Mzee Tak alilipapasa dude lile jeusi kwa kiganja, kwa upole, kisha akalisukuma pembeni.

— Mlango ule niliupiga mwenyewe, alisema. Nimeshausikia. Ambayo sikuisikia ni mvua. Nitafutieni spika ya mvua.

Hakuna aliyebisha, jambo ambalo halijawahi kutokea kijiweni hapo. Besi aliingia ndani kabisa ya duka, nyuma ya mapipa ya nyaya, akarudi na spika mbili ndogo za mbao, kila moja na ukubwa wa mfuko wa mchele wa kilo tano, pamoja na amplifaya kongwe iliyochubuka ubavu. Waya alileta waya wa kawaida, akaukata kwa mkasi, akakataa pesa. Kaseti haikuguswa. Besi aliwasha redio, akazungusha kitufe hadi katikati ya stesheni mbili, pasipo na mtu anayeongea, ikabaki ile sauti ya kuchirizika tu.

Wote wakainamisha vichwa. Mama Gwak ndiye aliyesema kwanza.

— Mafuta yamechemka. Sasa anamwaga unga.

Mzee Tak alikuwa amefumba macho. Alikaa hivyo mpaka kahawa yake ikapoa. Alipoyafumbua, yule mama alikuwa amekwishafungua jiko lake na kuliweka wazi juu ya ubao, na kitambaa cha zambarau kilikuwa kimetandikwa sakafuni, pembe nne tayari kufungwa juu ya spika.

— Jiko lako utalibebaje? alimuuliza.

— Linabaki kwa fundi hadi Jumatatu, alisema yule mama, akivuta pembe ya kwanza. Funga, kaka, nje mawingu yamekusanyika.