Kufuli Kaitwa Kusimulia Mali

Benchi letu la Nyamiaga ni ubao wa mkaratusi uliolazwa juu ya matofali mbele ya mashine ya kusaga, na anayekaa ncha ya mwisho huanguka wenzake wakiinuka. Jumamosi hiyo nchani alikaa mzee Rogasian, tunayemwita Kufuli kwa sababu hata salamu huitoa kwa kupima. Alikuwa amenuna. Mwalimu Bonifasia wa chekechea ameanzisha hadithi za tamaduni za dunia nyumbani kwake: watoto wanakaa mkekani, wazee wanasimulia. Jana yake mjukuu wa Kufuli, Ishimwe wa miaka mitano, alimletea ujumbe: "Babu, mwalimu kasema kesho utatusimulia mali." Tena mtoto kashawatangazia wenzake wote kwamba babu yake ndiye wa kwanza.

— Siendi, alisema Kufuli. Nisimame mbele ya watoto nitaje mbuzi zangu?

— Kwetu Shinyanga ng'ombe hahesabiwi kwa sauti, alisema Shibuda, ambaye tunamwita Redio kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia. Hapo kuna mkono wa wanao wale walioko Kahama. Wanataka kurithi ungali hai. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lenyewe ndiyo hao watoto.

— Watoto wa chekechea? nikauliza.

— Mtoto hasahau.

Secilia, muuza kahawa wetu, akasita kumimina.

— Mbona bibi Jovina naye kaambiwa asimulie India?

— Jovina ana mali gani? Redio akamjibu. Asiye na mali hupewa India.

Tukaona ni kweli.

Frednand akakohoa. Huyu tunamwita Mkalimani. Zamani alibeba magunia kambi ya wakimbizi ya Benaco, basi akawa mtaalamu wa mataifa yote.

— Ninyi dunia hamuijui. Wageni huanza hivyohivyo. Mtoto anapewa kalamu achore nyumbani. Anachora nyumba, anachora mbuzi. Kesho yake wanajua kila kitu. Ndiyo maana wakasema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na ulimwengu ndiyo hizo tamaduni za dunia. Kila nchi itachukua mbuzi mmoja.

— Nchi ziko ngapi? aliuliza Kufuli, sauti imeshuka.

— Nyingi kuliko mbuzi zako.

— Basi nilifanya vizuri. Alfajiri nimewakimbiza wote Murukulazo kwa shemeji.

— Umecheza, mzee, alisema Redio. Mwenda pole hajikwai.

Kufuli akageuza kikombe mkononi.

— Ila Ishimwe kavaa gauni la Krismasi tangu asubuhi, alisema. Ananingoja.

Hapo nilimhurumia. Hata Redio alipunguza sauti.

Mara tukamwona Bonifasia anakuja, kamshika Ishimwe mkono.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba. Mwalimu, mimi sina kitu. Maskini wa Mungu.

— Kitu gani tena, mzee? Ni hadithi tu. Nchi ya Mali, kule Afrika Magharibi. Wanafuga mbuzi mpaka karibu na jangwa. Mtaa huu nani anawajua mbuzi kama wewe? Wewe anza na mbuzi, jangwa nitamalizia mimi.

Mkalimani akachungulia ndani ya kikombe chake. Redio, kwa mara ya kwanza, akazimika. Secilia akatikisa birika. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Ishimwe akamshika babu yake mkono.

— Babu, nimewaambia utakuja na yule mweupe, wamshike masikio. Nimepita zizini, hayupo. Mbuzi wetu wako wapi?

Tulitazamana. Redio na Mkalimani wakakumbuka mashamba yao kwa pamoja, wakainuka, nami nikawafuata bila kufikiri. Ubao ukapinduka, Kufuli akakaa vumbini, mkono wake bado umeshikwa.

Ishimwe naye akaketi hapohapo na gauni lake la Krismasi, akingoja jibu.