Abiria Tisa wa Ndege ya Saa Nne

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika kumsindikiza dada yetu, familia ilikaa jana na kukubaliana kwamba historia ya maisha yake isomwe na mdogo wake wa mwisho, yule mwandishi wa habari, naye alijaribu kukwepa kwa sababu ambayo mtaisikia punde, lakini wakubwa walikuwa wameshakata shauri.

Marehemu, mtoto wa kwanza kati ya watano, alizaliwa Jumamosi ya tarehe 14 Machi 1959, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha polisi cha mji wetu huu, baba akiwa fundi cherehani. Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, kisha sekondari ya bweni ya wasichana hadi 1976, ambako aliongoza darasa zima katika hisabati, na tangu hapo hakuacha tena kuhesabu, maana hata kwenye harusi alikuwa akizunguka ukumbini na kuiambia kamati kwamba wageni ni mia mbili na kumi na wawili, hao mia tatu wanaotangazwa hawapo. Mama alipofariki mwaka 1977, yeye ndiye aliyemlea mdogo wake wa mwisho, aliyekuwa na miaka sita, akimwogesha, akimpeleka shule, akimchapa ilipobidi, na baadaye akamkaribisha kwake mji mkuu alipokwenda kusomea uandishi wa habari.

Tarehe 2 Aprili 1979 aliajiriwa na kampuni ya ndege kama karani wa tiketi, na mwaka 1991 alihamishiwa mji mkuu, ofisi ya mipango ya safari, ghorofa ya tatu, chumba chenye meza nne na feni moja iliyokuwa ikipeperusha karatasi za kila mtu isipokuwa zake, kwa sababu za kwake alizibana kwa kokoto. Kazi yake ilikuwa kujua kila njia ina abiria wangapi na ndege ipi iende wapi, siku gani, na wenzake walimwita Mama Viti, jina ambalo alijifanya halipendi. Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na fundi umeme mpole, aliyemtangulia mwaka 2009, na Mungu aliwajalia watoto wawili, binti ambaye leo ni mkunga, na kijana ambaye ni dereva wa lori.

Sasa tufike mahali pagumu. Jumapili ya tarehe 6 Mei 2018 gazeti lilitoka na habari kubwa kwamba ndege ya saa nne asubuhi inayotoka hapa kwenda mji mkuu inaruka tupu, abiria tisa kwenye viti arobaini na nane, na aliyeiandika alikuwa mdogo wake, huyu anayewasomea. Alikuwa amekaa siku tatu katika chumba cha kusubiria cha uwanja wetu wa ndege, akihesabu wanaopita mlangoni, na hesabu yake haikukosea hata kichwa kimoja. Kosa ni kwamba ndege ile ilianzia mji mwingine, ikifika hapa ina watu thelathini au zaidi ambao hawashuki, wanakaa vitini dakika ishirini, kisha wanaendelea, na mtu aliye chumba cha kusubiria hawaoni. Karani yeyote wa tiketi angemwambia, na dada yake angemwambia kwa simu ya dakika mbili, lakini hakumpigia, kwa kuwa aliogopa watu wasije wakasema habari zake anapewa na dada yake.

Redio zikaidaka, magazeti mengine yakaongeza chumvi, lile la Jumatano likisema abiria ni watano. Marehemu alipanda na majedwali yake hadi kwa wakurugenzi, akaambiwa nchi nzima imeshajua kwamba njia ile imekufa, na tarehe 30 Juni ndege ikaondolewa.

Hakumgombeza mdogo wake. Tarehe 9 Mei alimletea karatasi yenye mistari mitatu aliyoiandika kwa mkono, akamwambia haombi radhi ya mtu, anaomba gazeti lisahihishe tu. Wiki mbili baadaye mdogo wake alimjibu kwamba mhariri amekataa. Huo ulikuwa uongo. Karatasi haikufika kwa mhariri, ilikaa kwenye droo, kwa sababu mwandishi yule aliona aibu, na habari ile ilikuwa imeshamletea sifa.

Marehemu alistaafu tarehe 14 Machi 2019, akarudi kuishi hapa, na Agosti 2021 figo zake zilianza kushindwa, ikawa lazima asafishwe damu mji mkuu mara mbili kwa wiki, saa tisa barabarani kwenda na saa tisa kurudi, hadi binti yake alipomhamishia kwake huko. Ndege ile ilichukua dakika hamsini. Hatusemi ingemponya, madaktari wametuambia isingemponya, na yeye mwenyewe asingekubali tuseme tusichokijua, lakini angelala kitandani kwake. Mwezi uliopita alimuuliza mdogo wake kama yule mhariri bado yupo, akajibiwa yupo, na hata hapo hakuambiwa ukweli. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sitini na mitano, miezi miwili na siku ishirini na nane.

Mistari yake ni hii: "Ndege ya saa nne haikuwa tupu. Kwa wastani ilibeba watu arobaini, tisa wakipandia hapa na thelathini na mmoja wakiwa tayari ndani. Tunaomba wasomaji wawahesabu na hao."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliomlindia nyumba miaka yote hiyo, na wenzake wa ghorofa ya tatu waliosafiri usiku kucha kwa basi kuja hapa. Inamshukuru pia mhariri wa gazeti, ambaye juzi Jumatano aliisoma karatasi hii akiwa amesimama, akaitia saini itoke gazeti la leo, kazi ya dakika nne, kisha akauliza kwa nini karatasi ya mwaka 2018 imemfikia sasa.

Dada, imetoka. Tusamehe tuliochelewa, nawe upumzike kwa amani.