Tatu Juu ya Ishirini

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi wenzangu, wanafunzi mliokaa kwa adabu ambayo najua haitadumu, na wewe Mwalimu wangu unayeagwa leo: hamjambo nyote!

Mimi ni mume wa Mwalimu. Kazi yangu ni kutengeneza fremu, na ugonjwa wangu, kama anavyouita yeye, ni kukusanya picha za kuchapwa. Msanii huchonga ubao, akaupaka wino, akachapa nakala chache, kisha akaukwaruza ubao ule ili isitoke nyingine tena. Chini ya kila picha huandika kwa penseli namba yake, na idadi ya zote. Uchache ndio thamani yake.

Mwaka tuliooana nilileta nyumbani picha yangu ya kwanza: mama anaanika shuka, upepo umepeperusha moja ikamfunika uso. Nikaiacha mezani, nikaenda kukata mbao za fremu. Mwalimu akarudi na madaftari yake kwapani, akaiona, akasoma chini: 3/20.

Mnacheka? Mwalimu hakucheka. Roho ilimuuma. Nani huyu katili aliyempa mtoto wa watu tatu juu ya ishirini kwa kazi nzuri namna hii? Akachomoa kalamu nyekundu, akakata ile tatu, akaandika: "18/20. Umejitahidi sana. Endelea hivyo hivyo." Akamalizia na alama ya vema, ndefu, mkia wake ukafika kwenye shuka.

Jamani! Nilipiga kelele majirani wakadhani tumeibiwa. Nikakimbia kwa msanii kumwomba nyingine, naye akanionyesha ubao uliokwisha kukwaruzwa. "Ishirini ni ishirini, kaka. Yako ndiyo hiyo." Miaka baadaye akaja mthamini kukagua picha zangu, akaitazama ile, akaiweka kando. "Hii imeharibika," alisema, mbele ya Mwalimu. Tangu siku hiyo mke wangu hapiti mbele ya picha ile bila kuinamisha macho, na hilo limeniuma kuliko wino.

Juzi nilimuuliza anataka zawadi gani ya kustaafu. Akajibu, "Baba watoto, siku hizi wapo mafundi wa kutoa wino. Ipeleke. Nisistaafu na aibu ile ukutani."

Nikaipeleka, ningekataaje? Fundi akalowesha pamba, akaliinamia lile neno "Umejitahidi", na mkono wangu ukamdaka kabla sijajua ninafanya nini. Nililikumbuka neno lile. Nilipofungua karakana na fremu zangu zikawa zinapinda kama ndizi, ni nani aliyekuwa akiniambia hivyo kila jioni? Hata posa yangu, ndugu zangu, ilipita kwa alama za huruma! Na ninyi wazazi mliosoma hapa, wangapi wenu mna daftari la zamani mliloshindwa kulitupa kwa ajili ya neno hilo?

Kwa hiyo, Mwalimu, mke wangu, niwie radhi mbele ya watu: zawadi uliyoitaka sikukuletea. Picha ni hii hapa, nimeitia fremu mpya, na wino wako upo wote. Nyingine kumi na tisa ziko huko duniani, safi kabisa, zina bei zao. Hakuna hata moja iliyoambiwa imejitahidi.

Basi inua macho, mpenzi, uitazame.

Nanyi nyote, asanteni kwa kumsikiliza mume wa Mwalimu.