Kibanda Kisicho na Alama

MWENYEKITI: Haloo? Nani mwenzangu?

FUNDI: Mimi, shemeji. Fundi.

MWENYEKITI: Fundi yupi?

FUNDI: Fundi cherehani. Kaka wa mkeo.

MWENYEKITI: Aa, shemeji. Namba zilipotea zote, nimebadili simu. Za kazi?

FUNDI: Kazi ipi? Safu yetu nzima sokoni imepigwa alama nyekundu. Tunabomolewa.

MWENYEKITI: [anakohoa] Huo ni uamuzi wa kamati ya soko—

FUNDI: Ambayo mwenyekiti wake nani?

MWENYEKITI: Sikusikii, mtandao una—

FUNDI: Unanisikia vizuri sana. Nilikuwa nagombea hicho kiti, mafundi wote wako nyuma yangu. Ukaja sebuleni kwangu, ukanibembeleza: jitoe, niunge mkono, safu yenu haitaguswa.

MWENYEKITI: Si nimetimiza? Hebu kitazame kibanda chako.

FUNDI: Ndicho kilichonifanya nipige. Changu peke yake hakina alama.

MWENYEKITI: Umeona sasa? Mwenye jengo jipya litakalojengwa hapo nimeshaongea naye. Utapata chumba cha mbele, kinatazama barabara. Ila ufunge mdomo.

FUNDI: Uliniahidi safu nzima.

MWENYEKITI: Shemeji, siasa ndiyo hiyo. Unachukua kinachopatikana—

FUNDI: Mimi ndiye niliyekunyanyua mkono jukwaani. Niliwaambia mafundi wenzangu, mpeni huyu, ni mtu wangu. Sasa wamesimama hapa wananitazama, hata salamu hawanipi. Wanajua nimewauza.

MWENYEKITI: Waambie hukujua.

FUNDI: Ungekuwa wewe ungeniamini?

MWENYEKITI: Lawama zote kwangu. Dada yako ndiye aliyenikalia kooni uachiwe, tangu kabla ya uchaguzi—

FUNDI: Kabla ya uchaguzi?

MWENYEKITI: Yaani, nilitaka kusema—

FUNDI: Kumbe ulipokuwa unakunywa chai yangu ulikuwa umeshatuuza. Na dada yangu anajua.

MWENYEKITI: Niko kikaoni, nitakupigia bada—

FUNDI: Usikate. Yule mpaka rangi wa alama bado yupo hapa. Mzee, rudi kidogo. Umeruka kimoja.

MWENYEKITI: Wewe, acha wazimu. Hicho chumba nimekipigania—

FUNDI: Hapo mlangoni, mzee. Alama kubwa, waione wote.

MWENYEKITI: Shemeji, hutapata kingine. Shemeji?

FUNDI: Salio linaisha. Usaliti wako nitauzoea tu. Ila dada yangu mwambie ameniumiza, mwambie nime—

MWENYEKITI: Haloo? Haloo?