Nyumba ya Baba, Posa ya Binti

Wiki ile Mwalimu alipokuwa anang'atuka urais, nilipanda basi Mwenge nikakaa nyuma ya watu wawili wasiojuana. Mmoja alikuwa Anselmo, mchonga vinyago kutoka kusini. Wa pili, mama wa Kiarabu aliyevaa buibui, alijitaja kuwa Zubeida.

"Mie simlilii," alisema Zubeida. "Nyumba ya baba yangu Kariakoo ilitaifishwa. Akawa mpangaji ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe, mpaka akafa."

"Pole, mama. Sie tulihamishiwa kijiji cha ujamaa, mikorosho yetu tukaiacha porini. Lakini hukohuko ndiko mama yangu alikojifunza kusoma, mtu mzima na wajukuu. Nashindwa nimseme vipi Mwalimu."

 Zubeida akaeleza kwamba binti yake alipelekwa kusoma bweni Tabora bila ada, na sasa amepata mchumba aliyesoma naye mkoa huo, mtoto wa mkulima wa pamba.

"Kijana ana adabu, anaswali. Ila baba angekuwa hai angemfukuza mlangoni, na kaka yangu naye hamtaki. Posa inajibiwa leo kwake Kinondoni. Wananisubiri mie."

"Kwa hiyo aliyewachukulia nyumba ndiye aliyewaletea mkwe."

Nilidhani atakasirika. Alicheka kwa sauti, halafu akajifuta macho.

"Utawajibu nini, mama?"

"Ningejua, ningekuwa nimeshafika."

Basi lilisimama Kinondoni. Abiria wote wa hapo walishuka, na kondakta akamwita Zubeida mara mbili ndipo akainuka.